Mjenzi na Mwizi wa Simu

Leo tutazungumza juu ya kulinda fedha za ujenzi. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: ankara, mpokeaji, tapeli. Ankara ni hati ya kudai malipo. Mpokeaji ni mtu anayepokea. Tapeli ni mtu anayechukua mali ya wenzake kwa hila.

Zamani fundi mwashi wa Miono akitaka saruji au mabati alitia fedha mfukoni, akapanda gari mpaka Chalinze. Mwizi wake alikuwa njiani. Mwaka 2008 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Tanzania, na sasa fedha husafiri peke yake. Jambo hili ni jema, maana linaokoa nauli na wakati. Lakini mwizi naye ameacha njia, ameifuata simu.

Tuchukue mfano. Fundi amepewa shilingi 800,000 na mwenye nyumba, za kununulia saruji. Amekwisha kupatana bei na mwenye duka. Asubuhi simu inaleta ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii." Fundi anadhani ni mwenye duka, anatuma. Jioni mwenye duka anamwuliza, "Bwana fundi, mbona kimya?"

Je, tapeli alijuaje habari za saruji? Hakujua kitu. Utazameni tena ujumbe ule: hautaji jina, wala duka, wala kiasi cha fedha. Tapeli huupeleka kwa watu wengi, kama mvuvi atupaye jarife baharini. Wengi huufuta. Lakini mmoja siku hiyo ana fedha ya kumtumia mtu. Huyo ndiye samaki. Na mjenzi hutuma fedha mara kwa mara: ya mchanga, ya kokoto, ya nondo, ya gari. Kwa hiyo ni rahisi kunaswa.

Hasara hii si ya fundi peke yake. Mwenye nyumba atasema fundi amekula fedha yake. Vibarua watangoja ujira wasiupate. Na jina la fundi likichafuka, nani atampa kazi nyingine?

Basi, shikeni mambo manne.

Kwanza, andika namba ya kulipia katika daftari siku ile ya kupatana, muuzaji akiwapo. Ukiletewa namba nyingine, usiipigie hiyo. Pigia ile ya daftarini.

"Shikamoo mzee. Je, umebadili namba ya kulipia?"

"Marahaba, bwana fundi. Sikubadili."

Maneno hayo machache yameokoa shilingi 800,000. Fanya vivyo hivyo ankara ikija kwa barua pepe, nayo ina namba mpya ya benki.

Pili, kabla ya kutia namba ya siri, soma jina la mpokeaji katika simu. Likiwa jina usilolijua, acha. Hapo ndipo kujua kusoma kunapokuwa ngao.

Tatu, ukiletewa ujumbe kwamba umelipwa, usianze kazi wala usitoe mali kwa ujumbe huo tu. Tazama salio lako kwanza.

Nne, namba yako ya siri usimpe mtu, hata akisema anatoka kampuni ya simu. Wala usimtajie kibarua ili akutumie fedha kwa niaba yako.

Ukiwa umekwisha kudanganywa, usikae kwa aibu. Piga simu upesi kwa kampuni ya simu yako, uombe fedha izuiwe kabla tapeli hajaitoa. Kisha nenda polisi, wala usiufute ujumbe, maana ndio ushahidi wako. Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo inaadhibu udanganyifu wa namna hii. Ujumbe wa tapeli upeleke pia kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Tena bonyeza *106# ujue ni namba zipi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako, asije mtu akaiba kwa jina lako.

Sasa zoezi. Kila mwanafunzi aandike katika daftari majina ya watu watatu anaowalipa, na namba zao. Kisha jibuni: Kwa nini hatupigi ile namba mpya iliyoletwa?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.