Dalili za Virusi vya Kompyuta
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya virusi vya kompyuta. Mimi si fundi wa mashine hizo. Ni mfanyakazi wa reli kama ninyi. Lakini siku hizi tikiti, hesabu ya mizigo, mishahara na akiba zetu za Sacco zimo ndani ya kompyuta na simu. Kwa hiyo jambo hili si la wakubwa wa ofisini peke yao. Laweza kutumwagia unga sisi sote.

Kwanza tuelewane. Kirusi cha kompyuta si mdudu. Ni programu iliyotungwa na mtu mwenye nia mbaya. Huingia kwa barua pepe yenye kitu cha kufungua, kwa flashi iliyotoka mahali pasipojulikana, au kwa programu ya bure iliyochukuliwa ovyo. Ikisha kuingia huiba maneno ya siri, au huharibu kazi, au hufunga faili na kudai fedha.

Madhara yake ni makubwa. Tarehe 12 Mei 2017, programu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani na kushika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi. Ilidai dola 300 kwa kila mashine. Huko Ujerumani, mbao za kuonyesha saa za treni katika stesheni kadhaa zilitoa tangazo la wezi badala ya saa za treni. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Na dawa ilikuwako! Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho tangu mwezi wa Machi mwaka ule ule, lakini wengi hawakuyatia katika mashine zao. Tena mwezi wa Novemba 2016, mashine za tikiti za reli ya mjini San Francisco, Marekani, zilifungwa, na abiria wakapanda bure.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Ekseli ya behewa haishiki moto ghafula. Kwanza hunuka, kisha hutoa moshi, na mwenye pua huiona mapema. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Tazameni dalili hizi:

1. Mashine iliyokuwa nyepesi inakuwa nzito ghafula, au inazima na kuwaka yenyewe.
2. Matangazo yanajitokeza kila mara, au ukurasa wa kwanza wa intaneti umebadilika nawe hukuubadilisha.
3. Kuna programu ambayo hakuna aliyeiweka.
4. Programu ya kulinda mashine imezimwa, na ukiiwasha inakataa.
5. Rafiki zako wanapata barua usizoziandika, au neno lako la siri linakataliwa.
6. Faili zimebadilika majina na hazifunguki, na pana maneno ya kudai fedha.
7. Kwa simu: betri inakwisha upesi na simu ni moto hali huitumii, na bando la intaneti linakwisha bila sababu.

Lakini msiseme kila kosa ni kirusi. Mashine ya zamani huchoka, na mashine iliyojaa huwa nzito. Mwezi wa Julai 2023, mtandao wa serikali yetu wa eCitizen ulipokwama, watu walitatizika hata kununua tikiti za treni. Hicho hakikuwa kirusi. Washambulizi waliujaza mtandao kwa maombi ya uongo mpaka ukalemewa. Tena likitokea tangazo ghafula likisema, "Mashine yako ina virusi, piga simu namba hii," usipige. Mara nyingi tangazo lenyewe ndilo mtego. Na jueni kwamba virusi vingine havionyeshi dalili yoyote.

Sasa, ukiona dalili ufanye nini? Usiendelee na kazi kana kwamba hukuona. Kata intaneti: chomoa waya au zima Wi-Fi, ili ugonjwa usihamie mashine nyingine. Usichomeke flashi. Piga picha ya yale yaliyo kiooni, andika saa, kisha mwite fundi wa kompyuta. Neno la siri libadilishe kwa mashine nyingine iliyo safi. Kama ni simu yenye fedha zako, ipigie benki au kampuni ya simu mara moja kwa simu nyingine. Wezi msiwalipe, kwa maana kulipa hakuhakikishi kwamba faili zitarudi.

Ndugu zangu, neno langu kubwa ni hili. Wafanyakazi wengi huona dalili na kunyamaza. Wanaogopa kuambiwa, "Wewe ndiwe uliyeharibu." Basi kirusi kinapata siku tatu za kutembea, na hesabu zikipotea, karani ndiye wa kwanza kuulizwa. Kunyamaza hakumwokoi mtu. Toa habari mapema, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Karatasi hiyo ndiyo shahidi wako, na chama hakiwezi kukutetea vizuri bila shahidi.

Wenye kazi nao wana wajibu wao. Yafaa chama kiwaombe mambo matatu: mashine zitiwe marekebisho kwa wakati wake, nakala za kazi ziwekwe mahali pasipounganishwa na mtandao, na mfanyakazi anayetoa habari mapema asiadhibiwe kwa kutoa habari. Mlinzi akipigwa kwa sababu amepiga kengele, kesho hataipiga.

Naomba jambo hili la tatu liandikwe katika ajenda ya mazungumzo yetu na wenye kazi.