Maabara Katika Kipande cha Karatasi
(Maneno ya Kamati ya Fedha siku ya harambee)



Sisi wa kamati ya fedha tukisimama, watu huanza kutazama saa. Leo msihofu. Hesabu za mwaka zimekaguliwa na kuchapwa kurasa za mwisho, kila mtu atazisoma kwa nafasi yake. Tumeomba dakika chache tuzungumzie mwanakemia mmoja wa Marekani, na sababu yake mtaiona.

Mnaikumbuka ile mashine ya kupima damu. Tuliichangia wenyewe kwa harambee kama hii, tukapiga nayo picha, mama zetu wakapiga vigelegele. Ilifanya kazi miezi 14. Kisha vitendanishi vikaisha, na vipya vilitakiwa kusafiri kwenye barafu kutoka mjini hadi mlimani. Umeme ukaunguza kitu ndani yake. Fundi akataja nauli na posho ambazo hatukuwa tumezipangia. Leo imefunikwa kitenge na juu yake pamepangwa mafaili.

Mashine ikiwa imelala hivyo, mama mjamzito aliletwa kituoni, miguu imevimba, kichwa kinamuuma. Vijiti vya kupimia protini kwenye mkojo vilikuwa vimekwisha. Akaambiwa apumzike, arudi kesho. Usiku hali ikabadilika, akateremshwa kwa pikipiki, kifafa cha mimba kikamkuta njiani. Mama alipona. Mtoto hakupona. Kijiti kimoja cha mkojo bei yake haifiki soda.

Kosa la mashine ni letu. Tuliuliza inauzwa shilingi ngapi, hatukuuliza kila mgonjwa atakayepimwa atagharimu shilingi ngapi, wala mwaka wa tatu nani atalipa. Mhasibu anayesahau gharama za uendeshaji ni kama mpishi aliyesahau chumvi, na sisi tulikuwa wahasibu wawili mezani.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kusoma habari za George Whitesides. Alizaliwa mwaka 1939 Louisville, Kentucky. Alisoma Harvard, akapata udaktari wa kemia California mwaka 1964, akafundisha MIT karibu miaka 20, na mwaka 1982 akarudi Harvard. Nishani na tuzo zake ni nyingi, tunaziruka.

Fani iliyotuvuta kwake inaitwa maikrofluidiki. Sisi watu wa mlimani hatuhitaji kufundishwa mfereji ni nini: unayachukua maji kijitoni, unayaongoza, unayagawa, kila shamba lina zamu yake. Basi fikirini mfereji mwembamba kama unywele, na badala ya shamba la migomba kuna kidimbwi cha dawa kinachobadilika rangi kikikutana na ugonjwa. Tone la damu linaingia mwanzoni, linagawanyika, kila tawi linapimwa kitu chake. Jambo la ajabu ni kwamba katika mifereji midogo kiasi hicho maji hayasukumani wala kuzunguka kama mtoni. Vimiminika viwili hutembea bega kwa bega na kuchanganyika polepole sana, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuviongoza apendavyo. Wazo la kuweka maabara nzima katika kipande kidogo namna hiyo lilitolewa mwaka 1990 na Andreas Manz na wenzake, waliokuwa Basel, Uswisi.

Mwanzoni mifereji hiyo ilichongwa kwenye kioo na silikoni, kwa njia zile zile za kutengenezea chipu za kompyuta, ndani ya vyumba visivyoruhusu hata punje ya vumbi. Gharama yake mnaikisia. Whitesides na wenzake wakachukua mpira laini unaomiminwa kama uji juu ya kalibu, unaganda, unabanduliwa. Mwaka 1998 walieleza jinsi ya kutoka kwenye mchoro hadi kwenye kifaa kamili kabla ya saa 24 kupita. Sehemu ya msukumo wa fani hii, tuseme ukweli, ilikuwa fedha za jeshi la Marekani, lililotaka kugundua silaha za vijidudu. Pesa haichagui mlango.

Angeweza kuishia hapo na jina lake likabaki kubwa. Lakini mwaka 2007, akikaribia miaka 70, yeye na vijana wake walitangaza kifaa kilichotengenezwa kwa karatasi. Karatasi haihitaji pampu wala umeme, maji yanapanda yenyewe kama mafuta ya taa kwenye utambi. Walichora kingo zisizopitisha maji, wakaacha njia yenye matawi, na mwisho wa kila tawi wakaweka dawa. Mkojo kidogo mno, kama sehemu ya kumi ya tone, ukaonyesha sukari upande mmoja na protini upande mwingine. Protini, ndugu zetu. Kile kile alichokikosa yule mama.

Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba rangi hizo zinaweza kupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa daktari aliye mbali. Baadaye wakaanza kuchora kingo kwa nta. Hili la nta tumelijaribu jikoni: mshumaa, karatasi ya kuchujia kahawa na pasi ya moto. Pasi inayeyusha nta, inazama ndani ya karatasi na kuwa ukuta. Chai yenye rangi ikafuata njia yetu, ilipofika ukutani ikasimama. Watoto walitaka turudie mpaka mshumaa uishe.

Tusidanganyane, hatuombi fedha za kununua karatasi za Harvard. Safari ya kutoka kwenye jarida hadi kwenye rafu ya zahanati ni ndefu, na vingi hupotea njiani. Tulichojifunza kwake ni mpangilio wa maswali. Kitu kiwe rahisi, bei iwe ndogo, kisha ndipo uulize kinafanya nini. Hata vifaa vikubwa vinavyotumia mifereji hii vinahesabiwa hivyo. Ile mashine ya kupima kifua kikuu iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 hutoa jibu ndani ya saa 2, lakini kila mgonjwa anakula katriji yake. Mwaka 2012 katriji moja ilishushwa hadi dola 9.98, na mwaka 2023 ikashushwa tena hadi dola 7.97. Mashine unainunua mara moja, katriji unainunua kila siku.

Kwa hiyo bajeti ya mwaka huu haina mashine. Ina vijiti vya mkojo kwa kila mjamzito kila anapohudhuria kliniki, vipimo vya sukari na vya wingi wa damu, stoo kavu yenye kufuli, na daftari ambalo mganga mfawidhi na mwakilishi wetu watalisaini pamoja kila mwisho wa mwezi. Tumeziweka gharama za miaka 3, si za siku ya uzinduzi. Wapo watakaosema haina cha kupigia picha. Ni kweli, haina.

Fomu ya ahadi ipo jalada la nyuma. Tumeigawa kwa mama mmoja mmoja: andika idadi ya wajawazito utakaowagharamia vipimo mpaka wajifungue, nasi tutakutumia stakabadhi na nakala ya ukurasa wa daftari. Kuhusu mashine iliyofunikwa kitenge, tumeshaiandika hasara kwenye hesabu, ukurasa wa mwisho kabla ya sahihi zetu.