Waliovinyatia Vifaru: Maneno Yaliyosemwa Ifakara



Leo twataka kusema habari ya kazi ambayo watu wa bonde hili la Kilombero waliijua tangu utoto, nayo ni kunyatia. Mwindaji amfuataye sheshe au nyati katika matete hapigi kelele wala hakimbii. Hutazama upepo, huinama, hungoja. Na nyati akigeuka, aghalabu hapana mti wa kupanda.

Katika mwaka 1941 askari wa K.A.R. walikuwa Uhabeshi wakipigana na Wataliana. Kikosi kimojawapo, 1/6, kilikuwa cha Tanganyika. Tarehe 19 Mei walivuka mto Billate, mahali paitwapo Colito, wakashika ng'ambo. Mara vifaru vya adui, yaani magari ya vita ya chuma, vikatokea porini, na askari wetu hawakuwa na silaha ya kuvunja chuma.

Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alikuwa akipiga mzinga mdogo wa mabomu, na mabomu yalikuwa yamekwisha. Akarukia kifaru kimoja, akafungua mlango wa juu, akawaua waliomo kwa bastola, ila dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha mpaka mafichoni. Akajaribu mzinga wa kifaru kile, ukakataa. Basi akashuka, akasema atavifuata vingine kwa miguu.

Sasa tusikilize vizuri, maana hapa wasimulizi wengi hupita upesi. Hakwenda peke yake. Sajini-meja mmoja Mwafrika na askari wawili walifuatana naye, wakavinyatia vifaru katika uwanja uliokuwa ukifagiliwa kwa risasi za bombomu. Mwindaji wetu hujificha katika matete. Nyati hana bunduki. Viwili vikapita. Leakey akarukia cha tatu, akamwua mtu mmoja. Cha nne kikampiga risasi, akaanguka. Mwili wake haukuonekana tena.

Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa Novemba 1945, na jina lake limeandikwa katika ukumbusho wa vita huko Nairobi. Hati ya nishani ile tumeisoma mara mbili, tukiwatafuta wale watatu. Wametajwa kwa vyeo tu, bila majina. Kwetu sisi ushujaa wao si mdogo kuliko wake.