Elimu ya Misitu na Mali ya Mkulima
(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Nimepewa heshima ya kunena juu ya jambo ambalo huenda likaonekana liko mbali na jembe la mkulima, nalo ni elimu ya juu ya misitu na mbao.

Sisi watu wa Tanga tumezaliwa tukiiona miti: mitiki ya Longuza kule Muheza, misitu ya Usambara, mikoko ya pwani. Lakini kuuona mti si kuujua. Mafunzo ya misitu ya daraja la chuo kikuu yalianza Morogoro katika miaka ya 1970, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 1984 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Kilimo chenye jina la marehemu Edward Moringe Sokoine. Huko hufundishwa pia uhandisi wa misitu na sayansi ya mbao: kutengeneza njia za msituni bila kuporomosha udongo, kuvuta magogo, na kuzijua tabia za mbao. Wala chuo hicho si kigeni kwetu, kwa maana msitu wake wa mafunzo wa Mazumbai umo humu humu Usambara Magharibi.

Mtauliza, hayo yatufaa nini? Sikilizeni hesabu. Gogo la urefu wa mita 5, lenye kipenyo cha sentimita 40 katikati, lina mita za ujazo 0.63. Kipenyo kikiwa sentimita 56, ujazo wake ni 1.23, karibu maradufu, ingawa kwa macho unene umezidi kidogo tu. Mnunuzi mwenye kipimo alijua hilo. Mkulima auzaye mti kwa kuutazama halijui. Hasara hiyo haikuletwa na ukame wala wadudu. Tena mbao mbichi hunywea na kupinda ikaukapo; aipangaye kivulini, yenye vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite, huuza mbao iliyonyoka.

Ndugu wanachama, Mkutano Mkuu unaletewa shauri: sehemu ya ziada ya mwaka huu isigawanywe, bali imsomeshe kijana mmoja, wa kiume au wa kike, katika elimu hii, naye akihitimu awapimie wanachama miti yao kabla haijauzwa. Najua wako wenye karo za kulipa na mapaa yanayovuja, nao wana haki ya kuisubiri shilingi yao. Siwalaumu. Lakini mtiki hukaa shambani miaka 20 na zaidi kabla ya kuvunwa, na aliyeupanda alikubali kungoja. Si vema, baada ya kungoja kote huko, kuuachia kwa bei ya kukisia.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kahawa, karafuu na iliki twazipima kwa mizani na kuziandika. Miti yetu bado haina daftari. Pimeni shauri hili kwa haki, kisha mpige kura.