Sauti ya Mtu na Sauti ya Rekodi



Mjini Mbarara, kama kwingineko nchini Uganda, hutokea mwimbaji akachezesha midomo tu jukwaani huku rekodi ikimwimbia. Mkimbizi wa Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1958, anayejinyima apate nauli na kiingilio, hununua nini hasa?

Tangu mwaka 1997 chombo kiitwacho Auto-Tune hunyoosha sauti iliyopotoka. Kukitumia si kosa. Kukificha ndiko hadaa. Mwaka 1990 kundi la Milli Vanilli lilinyang'anywa tuzo ya Grammy, kwani sauti zilizosikika katika santuri yao zilikuwa za watu wengine.

Askari wa lindo analifahamu jambo hili: gizani, mtu hutambuliwa kwa sauti yake. Basi tangazo la onyesho na liseme wazi, kabla fedha hazijapokewa: ataimba mtu, au itapigwa rekodi.