Mwaka Huu Hatuombi Jengo
Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya zahanati

 

Sisi ni watu wa hesabu, si waganga, kwa hiyo tutaanzia kwenye daftari. Kila robo mwaka tukifunga vitabu vya michango ya dharura, mistari inayotumaliza ni ileile: kiharusi, figo, gari la kumkimbiza mgonjwa usiku hospitali ya mkoa. Mtu anaandika kwenye kundi, "Mama kaanguka," nasi tunachanga. Hatujawahi kukataa na hatutakataa. Lakini mara nyingi mama huyo ameishi na presha miaka mingi bila kujua, kwa sababu presha haiumi. Kipimo cha 140 kwa 90 kikijirudia, mhudumu anajua huyu ni wa kufuatiliwa. Kifaa chenyewe ni mkanda wa mkononi na betri.

Bati la zahanati tuliezeka sisi, na kibao chenye majina yetu kipo (wengine tumepiga nacho picha). Safari hii tunaomba kitu kisichopigwa picha: mafuta ya pikipiki, matengenezo yake na posho ya mhudumu anayekwenda na huduma ya mkoba.

Chanjo za watoto serikali inaleta bure, na friji inazitunza kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Tatizo linaanzia mlangoni pa friji. Mama wa ng'ambo ya mto hujitahidi: wiki ya 6, ya 10, ya 14, hata mwezi wa 9 kwa surua na rubela. Dozi ya pili ni mwezi wa 18. Hapo mtoto anakimbia, mama ana mimba nyingine au yuko shambani, na kadi iko kabatini. Tusimwite mzembe. Kumbeba nusu siku mtoto asiyeumwa, tena masika, kunahitaji moyo. Mhudumu akifika kitongojini mara moja kwa mwezi na kasha la barafu, dozi inapatikana, na wazee wanapimwa presha kwa safari hiyohiyo.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama hiyo si kazi ya serikali. Ni kweli, na tangu 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Ila zahanati yenye foleni ya wagonjwa itanunua dawa kwanza. Hata sisi tungefanya hivyo. Ndiyo maana fedha yetu itakuwa na kazi moja tu. Kila safari itaandikwa, kamati ya zahanati itasaini, nasi tutakagua kila miezi mitatu.

Bajeti ya miezi 12 iko ukurasa wa nyuma, fomu za ahadi ziko meza ya mlangoni. Anayelipa kwa simu aandike neno "mkoba", tusije tukaiingiza kwenye rambirambi.