Ngoma Moja, Ngoma Mbili: Hesabu ya Ala za Muziki

Wasikilizaji, mwanafunzi wa Kisumu akiandika kwa Kiingereza "two drum", aghalabu huambiwa kwamba ni mzembe. Lakini yafaa chanzo cha kosa hilo kitazamwe kwanza. Kwa Kiswahili, ngoma ikiwa moja ni ngoma, na zikiwa mbili ni ngoma vile vile. Jina halibadiliki, wingi wake hujulikana kwa maneno yanayoliandama: ngoma imeletwa, ngoma zimeletwa. Filimbi nayo ni hali moja. Majina mengine hubadilika mwanzoni: kinanda huwa vinanda, na gitaa huwa magitaa.

Kiingereza kina desturi nyingine. Wingi huwekwa mwishoni mwa jina lenyewe, hata kama hesabu imekwisha kutajwa: drum, drums, flute, flutes. Piano huwa pianos, bila ile herufi e ionekanayo katika potatoes. Ndivyo yalivyo majina ya ala yaliyotoka Italia. Cello nayo huwa cellos.

Hapo mtoto wa kandokando ya Ziwa Victoria anayo akiba ambayo pengine hajaitambua. Kijaluo nacho hubadili jina mwishoni: kidi ni jiwe, kite ni mawe, got ni mlima, gode ni milima. Hata kitabu, neno lililopokewa kutoka Kiswahili, wingi wake ni kitepe, wala si vitabu. Mwalimu aanziaye hapo hujenga juu ya msingi uliokwisha kuwekwa nyumbani.

Neno likisafiri, mara nyingi huacha sheria zake nyuma. Katika marimba, silabi ma ni alama ya wingi ya lugha za Kibantu. Kiingereza kililipokea kama jina la kitu kimoja, kisha kikaongeza s: marimbas, wingi juu ya wingi. Nyatiti, yenye nyuzi nane, ingali njiani: kwa Kiingereza wengine huandika two nyatiti, na wengine nyatitis.

Basi mwanafunzi na ajiulize kila lugha huweka hesabu wapi: mwanzoni, mwishoni, au katika maneno yanayofuata. Jambo hili si dogo. Shule ikiagiza ngoma kwa barua ya Kiingereza bila kutaja idadi, herufi s peke yake ndiyo itakayomjulisha muuzaji kama yatakiwa moja au zaidi.